Kiti Kimoja

Niliikuta Novemba, ghalani kwa mzee Tauno Kivelä,
imefunikwa nyasi kavu, kuku katagia kitini.
Yamaha ya mwaka sabini na nane, silinda mbili,
tangi limebonyea kama shavu la bondia.
"Chukua," akasema, "lakini mayai ni yangu."
Nikampa dola mia tatu na chupa ya asali.

Hapa Minnesota kaskazini baridi haipigi hodi.
Gereji yangu ina jiko la kuni na redio isiyoshika stesheni,
na mikono hii, ambayo usiku hugeuza wagonjwa wodini,
mchana iligeuza nati zilizoganda kwa kutu
tangu kabla sijaolewa.
Nati nayo ina tabia ya mgonjwa: ukiilazimisha, inavunjika.
Ipashe moto, itie mafuta, isemeze,
kisha ondoka.
Kesho inaachia yenyewe.

Wengine hujenga kwa kuongeza.
Mimi nilijenga kwa kutoa.
Madigadi ya mbele nikaitoa; ya nyuma nikaikata,
ikabaki fupi kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla.
Nikatoa vioo, nikatoa viashiria, mbavu za plastiki,
beji ya kiwandani nikaibandua kwa kisu cha siagi.
Kila nilichotoa nilikipima kwa mizani ya jikoni,
nikaandika ukutani kwa chaki:
gramu mia nne. Kilo mbili na robo.
Hesabu ya kupungua, nisiyoiweza mwilini mwangu.

Shokamzoba za nyuma nikazing'oa,
nikachomelea vyuma visivyojua kuinama.
Hapo ndipo Delmar alipoingia na kikombe cha kahawa,
akaizunguka mara mbili kama anunuaye ng'ombe,
akaweka kiganja pale palipokatwa.
"Na mimi," akauliza, "nitakaa wapi?"

Nilikuwa nimevaa kofia ya kuchomelea.
Chombo kizuri, kofia ile: humficha mtu uso
na kumpa sababu ya kutojibu.
Nikashusha kioo.
Cheche zikasema zilichosema.

Miaka ishirini na sita tumekalia vitu vya watu wawili:
kochi, benchi la kanisani,
kitanda chenye bonde katikati linalotukusanya
hata tukilala tumenuniana.
Sijamchoka. Mtu asinisome vibaya.
Ni vile sijawahi kukalia kitu
ambacho kikipinda kona,
nimekipinda mimi tu.

Februari kabureta zikanitesa.
Mapacha wasioelewana: huyu akishiba, yule anakabwa.
Wiki mbili nimezipanga, zimepanguka.
Aliyezipatanisha ni yeye Delmar,
asiyejua spana namba kumi na namba kumi na mbili,
lakini hupiga kodiani kwenye harusi za wachimba madini
na sikio lake halidanganywi.
Alifumba macho, kainamisha kichwa.
"Ya kushoto inachelewa. Robo mzunguko. Hapana, rudisha kidogo.
Hapo."
Akamalizia kahawa yake, akaenda zake kukoroga supu.

Aprili, theluji ikiwa matope, nikapiga kiki.
Mara kumi na moja, kimya.
Ya kumi na mbili ikakohoa, ikatema moshi wa buluu,
ikashika.
Mbwa wa jirani akaingia chini ya baraza na hakutoka hadi jioni.

Nilikwenda mpaka mwisho wa barabara,
kwenye ukingo wa mgodi, udongo mwekundu kama kidonda kinachopona.
Kila jiwe nililolikanyaga
lilinipanda uti wa mgongo, likajitambulisha kwa jina.
Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.
Kisha nikageuza.

Vyuma vya kukanyagia abiria sikuvitupa.
Vimo kwenye kopo la kahawa, rafu ya juu,
pamoja na bolti zake nne, nimezipaka grisi.
Delmar analijua kopo. Hajauliza tena.

Taa ya nyuma bado haiwaki.
Waya fulani, sijui upi.
Atakayenifuata
itabidi afuate sauti.