Kidole Gumba cha Mwenye Mizani

Niulize pesa, usiniulize rangi.
Surua ilinifunga macho Pumwani nikiwa wa miaka minne,
na tangu hapo hazina yote ya nchi
hunipitia hapa, kwenye kidole gumba cha kulia.

Ya kwanza kuijua ilikuwa na tundu katikati,
senti kumi ya mkoloni.
Nyanya Nabwile alizitunga kwenye uzi wa katani
akazivaa kiunoni, chini ya leso,
zikawa zinamtangulia kuniambia anakuja.
Waliosoma walisema tundu lile ni la kubana shaba.
Nyanya akasema hapana,
Mzungu alijua hatuna mifuko.

Bendera ilipopanda, tundu likazibwa.
Palipokuwa na upepo pakakaa kichwa cha mtu.
Pua niliipata, sikio nikalipata.
Ndururu, peni, sumuni, shilingi, kichwa kilekile,
ila peni ilikuwa pana kuliko shilingi yenyewe,
na mara mbili nililizwa na muuza mahamri
kabla kidole hakijapata akili.

Kisha pua ikabadilika.
Hakuna aliyenitangazia,
niliikuta kwenye chenji ya mkate.

Kuna iliyonipendeza: shilingi tano yenye pembe saba.
Nilikuwa nikiizungusha mfukoni kama tasbihi,
Jumapili, Jumatatu, Jumanne,
mpaka wakaifuta, wakaleta ya mviringo
yenye mshono, madini ndani ya madini,
na wiki yangu ikakosa mahali pa kuanzia.

Noti alinisomea Makokha, mpiga viatu.
Ya ishirini, mtu anakimbia.
Ya hamsini, ngamia.
Ya elfu, ndovu, Wekulo, ndovu wazima!
Mimi nilizinusa.
Hamsini ilinuka omena na mkono wa utingo.
Elfu haikunuka chochote,
haijawahi kushuka Gikomba.

Miaka ishirini na sita nina mizani ya bafuni
nje ya duka la redio, Luthuli.
Shilingi kumi, unapanda, unajisomea kilo zako.
Wengi hunitajia za uongo.
Naambiwa sitini na nane,
na springi chini inalia themanini na kitu.

Sasa vichwa vya watu vimeondoka kwenye sarafu.
Twiga kwa moja, kifaru kwa tano,
ndovu kashushwa hadi ishirini,
na simba, yule wa shilingi ya mkoloni aliyesimama mbele ya milima,
karudi akiwa kumi.
Hata yeye kapandisha bei.
Vijana hawampandi. Wanalipa kwa simu,
inalia kidogo mfukoni mwangu,
nami sina pa kuweka kidole.

Oktoba ile, tarehe mbili, asubuhi,
alipanda mtu wa viatu vya ngozi, vizito.
Akashuka. Akanipa karatasi, akasema,
"Elfu hiyo, mzee. Chenji baki nayo."
Sauti ya mtu anayetoa sadaka.
Nilishukuru mpaka viatu vikavuka barabara.

Noti mpya zina mistari pembeni, imeinuka,
imewekwa kwa ajili ya watu kama mimi.
Nikapapasa ukingo wa kwanza. Laini.
Nikageuza. Laini.
"Makokha, hii imekufa lini?"
Akaichukua, akanyamaza kidogo.
"Juzi usiku, Wekulo. Saa sita."

Alitaka nimkimbilie. Nimkimbilie kwa mguu gani,
nimwite kwa jina gani?

Mizani yangu ilikuwa na mguu mmoja mfupi,
ikiyumba kila mtu akikanyaga.
Niliikunja ile elfu mara mbili, mara nne, mara tano,
ikagoma kukunjwa tena,
nikaisukuma chini ya mguu ule.

Inatosha kabisa.
Haiyumbi. Wateja wanasema wamepungua.
Na ndovu wale wa Makokha,
sijui wangapi, hakuwahi kuniambia idadi,
wanabeba watu wa Luthuli mchana kutwa,
mmoja mmoja,
kwa shilingi kumi.