Safu ya Tatu

Chumba cha kupanga, Isevya, feni mbovu.
Nimechora daftari safu tatu:
nani anasema, anasema nini,
anataka nini.

Filamu ni ya vijana wa hapahapa Tabora,
kamera ya kuazima, sauti ina kuku.
Dakika ya kumi na mbili Mihambo anarudi
kutoka soko la tumbaku, Urambo,
mifuko bapa kama masikio ya mbuzi.
Nyamizi hainui uso kwenye mchele anaouchambua.
"Umekula?"
"Nimeshiba."

Basi. Maneno mawili.
Nimerudisha nyuma mara kumi na tisa.
Safu ya kwanza nimejaza, ya pili nimejaza,
ya tatu kalamu inakwama:
swali hili si la chakula,
jibu hili si la tumbo,
na jogoo wa jirani, ambaye hakuandikiwa mstari,
anawika katikati yao
kana kwamba ndiye anayedai.

Mhadhiri husema mazungumzo ni kupokezana.
Nami nimehesabu sekunde saba
ambazo hakuna aliyempokea mwenzake,
punje tu zinadondoka kwenye ungo.
Niandike nini? Ungo?

Saa mbili usiku simu inaita. Mama, Sikonge.
"Huko mvua imenyesha?"
"Kidogo."
"Huku bado."
Nasikia anavyopuliza moto.
"Haya. Nilikuwa najaribu tu simu."

Tangu Machi sijaenda.
Nafungua ukurasa mpya.
Mama. Huko mvua imenyesha?
Safu ya tatu
naandika kiasi cha nauli.