Deni la Shilingi Mia Tisa

Aliyebuni mkopo huu wa simu hakupata kuketi Kibuye
Jumapili ya mvua, marobota yamefunikwa turubai,
wala hakushona hata kifungo.
Mimi nilitaka uzi tu, na mkanda wa cherehani.
Nikabonyeza. Nikakubali. Masharti sikusoma;
nani husoma, mteja amesimama?

Siku ya nane ukaanza kubisha hodi
kwa kila jina nililohifadhi:
shemeji wa Ahero, mwalimu wa Otis,
fundi wa choo niliyekwisha kumsahau,
hadi mhazini wa kanisa.
"Mwambie Apondi alipe."

Hayo niliyameza. Aibu hupoa, kama pilipili.

Lakini usiku, kabatini, chini ya leso,
simu ya mama iliwaka.
Mwaka wa tatu huu naichaji kila Ijumaa,
sijui kwa nini; labda ni jina langu humo
alivyoliandika: Apodi mtoto.
Haijalia tangu tumzike Nyamasaria.

"Mwambie Apondi alipe."

Heri dunia ingebaki na daftari la duka.
Mwenye duka angalau hujua
nani amezikwa.

Niliketi kitandani, simu mbili mapajani.
Kisha, kwa ile ya mama, nikajibu:
Nitamwambia.