Nukta Mia Sita

Mara ya kwanza mistari ilitoka na ukungu,
Machi imelalia Aprili,
tarakimu zimevimba kama mbaazi zilizokesha majini.
Nikasema ni wino. Nikaitikisa katriji,
nikaipangusa kwa upindo wa kanga. Wapi!

Nikaenda Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa Shekiondo wa steshenari.
Akalifungua jedwali langu, akaguna:
"Dada Mwantumu, chati hii umeipiga picha,
kisha ukaivuta masikio.
Picha haikui. Hupwaya tu."

Akaichota upya kutoka kwenye jedwali lenyewe,
akaihifadhi kwa PDF,
nukta mia tatu akazifanya mia sita.
Mstari wa njano, ambao printa ya wino mweusi haiuoni,
akaukoleza, akaukatakata vistari.
"Mia tano, dada. Chenji sina."

Ikatoka safi,
singa ya mkonge iliyopita kwenye brashi.
Sijafika hata mlangoni nikaona:
marobota yanapanda, yanapanda,
ujira wa wakataji umelala chini tangu Machi,
na kati yao pengo
lililomeza vidole vyangu vinne.

Ofisini, meneja aliishika karatasi mbali, kisha karibu.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Feni ikazunguka.
"Ile ya kwanza," akasema,
"ilikuwa nzuri zaidi."

Nikaitikia, "Ndiyo, bwana."

Shekiondo alinitolea mbili.
Ya pili nimeibandika kibandani,
pale wakataji wanapopangia foleni ya maji.