Betri ya Shilingi Elfu

Kariakoo, ghorofa ya pili,
ngazi zinanuka risasi ya kuchomelea na chipsi.
Nimekuja na prosesa kwenye kikopo cha mafuta ya mgando,
imelala juu ya pamba kama jino lililong'olewa.
Niliinunua kwanza. Kosa.
Ni kununua ufunguo kabla ya kuwa na mlango.

"Huu hapa," asema Mtweve, "una taa,
unabadili rangi kama ukumbi wa harusi Sinza."
Namuuliza: hizo taa zinachapa mitihani?
Anacheka, anaurudisha kwenye boksi.

Mimi nina steshenari Tabata Kimanga.
Nachapa barua za kuomba kazi
na ripoti za wanachuo waliokumbuka usiku wa mwisho.
Nataka ubao wa kijani, ubao mama asiyejipodoa:
nafasi mbili za ram, tundu la printa,
na soketi itakayolipokea jino langu.
Elfu tisini. Nauli haimo.

Upo mmoja, mtumba,
umevuliwa kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa Posta,
namba ya mali bado imebandikwa ubavuni.
Naupeleka dirishani, naukagua kama anayenunua samaki:
kapasita hazijavimba,
haunuki kuungua,
ila pini moja kwenye soketi imelala.
Kwa pini hiyo nashusha elfu kumi na tano.
"Dada, unanichinja."
"Ungeitaja wewe kwanza."

Usiku nazima feni, vumbi lisipande.
Nashika nondo ya dirisha, nimwage umeme wa mwilini,
ingawa kwa jasho hili la Februari
sijui kama upo wa kumwaga.
Tunu anamulika kwa tochi ya simu.
Kwa sindano ya cherehani naiinua pini,
polepole,
pumzi nimeiweka kando.

Vishikizi vya shaba chini, ubao usiguse bati.
Skrubu zinatakiwa tisa, ninazo saba.
Dawa ya joto, kiasi cha punje ya choroko.
Halafu vile viwaya vya swichi,
maandishi yake kama mayai ya chawa;
namsomesha Tunu, macho yangu yamegoma.

Nawasha.
Kimya.
Naangalia Luku: yuniti sita, zipo.
Nachomoa ram, naipuliza, nairudisha,
nakandamiza mpaka iseme *ka!*

Feni inazunguka.
Kioo kinapata mwanga,
kinaniuliza tarehe.

Kibetri cha ubao kimekufa,
kwa hiyo umerudi ulikoanzia:
Januari mosi, elfu mbili na kumi na mbili,
saa sita kamili usiku.

Tunu hajazaliwa.
Mama yupo Ifakara, anapima mchele kwa kibaba,
ananibipu mara moja, anakata,
anajua nitampigia.

"Mama, imekosea," asema Tunu.
"Najua."

Kibetri ni shilingi elfu kwa fundi saa,
bapa kama kifungo cha koti.
Nitakinunua kesho.
Leo nachomeka diski ya zamani,
nachapa ukurasa mmoja wa majaribio,
na pembeni, juu, tarehe inajiandika yenyewe.

Nimeukunja mara nne.
Bado naushika, sijui niuweke wapi.