Plasta Juu ya Vitufe

Ukiingia, Lutengano, kabla hujagusa kitu, soma plasta.
Nimezibandika upya,
zile zile za duka la dawa, za vidonda,
maana wino haukai kwenye plastiki
na plasta ninazo nyingi tangu nilipotoka Sao Hill.

Hii mashine ilikuja na njia zake za mkato:
shika kitufe cha pembeni kwa kidole cha mwisho,
cha juu yake kwa kidole cha pete,
halafu nyoosha cha shahada ukaifikie Q.
Aliyezipanga alikuwa na kumi.
Mimi msumeno uliniachia vinane.
Mwaka mzima nikawa nainama, nabonyeza kimoja kwa kidevu,
wateja mlangoni wakidhani nasali,
wananisubiri niseme amina.

Hadi usiku mmoja wa Juni,
baridi ile ya Mafinga inayogandisha mafuta ya kula chupani,
jiko la mkaa katikati ya miguu,
nikaingia kwenye mipangilio.
Nikakuta amri zote zimejipanga,
na mbele ya kila moja kisanduku kitupu
kinauliza: unataka kitufe gani?

Kiwandani hatukuulizwa.
Mkono hapa, macho pale, ubao unakuja.

Basi nikaanza.
K, kata. Siyo C yao.
U, unga; na ukikumbuka unga wa ugali, sawa tu,
ilimradi usisahau.
B ndiyo bana: hapo sherehe ya saa sita
inakunjwa kama blanketi la safari
mpaka itoshe kwenye simu ya bibi harusi.
Rudi nimeipa kitufe kirefu, cha dole gumba,
kwa sababu nakosea kuliko ninavyofanya kingine chochote.
S, simama.

Najua. Unaikumbuka S.

Sendofu ya binti wa Chengula,
imeshabanwa asilimia tisini na mbili,
basi la Njombe linaondoka alfajiri,
nawe ukabonyeza kwa mazoea ya chuoni.
Mstari wa kijani ukarudi sifuri
kama mtu aliyeitwa nyumbani ghafla.
Ukasema, "Lakini dada, dunia nzima S ni kuhifadhi."
Nikasema dunia nzima hailipi kodi ya chumba hiki.
Nilisema kwa sauti ya msimamizi wa zamu,
nikaisikia mwenyewe, nikanyamaza.
Plasta ya S haikuwepo.
Tuliikuta saa nane usiku, imenasa kwenye mkono wa sweta langu.

Ulichemsha tangawizi. Hukuuliza vidole vilikwenda wapi.
Uliuliza, "H ni nini?"
Hifadhi.
"Na P?"
Pumzika, ila hiyo sijawahi kuijaribu.
"Na Q? Na X?"
Hizo hazina kazi kwenye lugha yetu, nikakwambia, nimeziacha zikae.
Asilimia arobaini. Asilimia sitini na moja.
Mbwa wa jirani. Asilimia sitini na moja.

Basi likaondoka bila flashi.
Ukalifukuza kwa bodaboda hadi Nyololo
ukarudi machozi ya upepo yamekauka mashavuni,
unacheka, meno yanagongana,
"Mama mtu amelala, nimempa kondakta."

Sasa leo nimekuja mapema kuchukua kamera,
nimekuta X ina plasta.
Mpya, inanuka dawa bado,
mwandiko wako mdogo ule wa kubana karatasi: *yangu*.
Nimeibonyeza.
Haijafanya kitu. Nikabonyeza tena. Kimya.

Sawa. Fikiria taratibu.

Mimi niko Ifunda, kuna kipaimara, nitarudi usiku.
Harusi ya Mgololo iko tayari kubanwa: B, mara moja tu, usirudie.
Ukiwasha jiko, fungua dirisha kidogo.
Na chupa ya mafuta isogeze karibu na moto,
siyo karibu sana.