Fomu ya Majaribio

Bwana Kisamo aliweka sanduku juu ya benchi langu,
akalifungua taratibu, kama sonara wa Kisutu
mbele ya mama wa bibi harusi.
Ndani, juu ya sponji nyeusi: kibebabolti kipya,
rangi ya dhahabu, kimechongwa mbavu, chepesi.
"Hiki, Sajini, hakihitaji hata mafuta."
Nikamtazama. Kurasini, mwezi wa nne,
hata kufuli la choo linahitaji mafuta.

Kando yake nikaweka cha kwetu,
kijivu, kizito, kimekwanguka ubavu mmoja,
vipimo vyake vilevile tangu sijazaliwa,
skrubu zake mbili zimegongwa patasi kingoni
zisilegee. Aliyezigonga simjui,
ila mkono wake naufahamu: alikuwa wa shoto.

Kuruta Nyamhanga alishapenda.
Anakipangusa kwa shati, anajiona ndani yake.
Kipya kinyemi, nikamwambia,
malizia mwenyewe.

Siku tisa tulipiga shabaha.
Tukazimwagia mchanga wa Mbweni, tukazimwagia maji ya chumvi,
tukaziacha bunduki zote mbili nje usiku wa mvua.
Niliandika kwa penseli, maana wino hulowa jasho:
cha zamani, risasi elfu na mia mbili, kukwama mara tano
(tatu ni za magazini, nisimsingizie).
Kipya, mara nne.

Masizi ya kipya yalitoka kwa kitambaa na mate.
Ya zamani niliyakwangua mpaka ukucha ukang'oka.
Hapo sina ubishi, na mgongo wangu ni shahidi.
Lakini chemba ikichafuka,
chepesi hufika mlangoni kikabisha hodi.
Kizito huingia tu.

Na siku ya saba, kikucha cha kipya kilipokatika,
nilimpigia Kisamo.
"Wiki sita, Sajini. Kinatoka ng'ambo."
Vikucha vya zamani ninavyo kopo zima,
kopo la kahawa, havijaisha tangu nipewe ufunguo.

Aliyenipa ufunguo ni Stafu Sajini Ng'wandu,
aliyetufundisha kwa beti, eti akili ikichoka mdomo ukumbuke:

*Kwanza toa magazini, pili chungulia chemba,*
*Tatu fungua mwilini, usivute kama kamba,*
*Nne pini mkononi, isije ikakuchimba,*
*Tano funga kwa makini, hesabu isije yumba.*

Yeye alirudi kutoka vitani mzima
kwa sababu bunduki ya mtu mwingine ilikwama,
hatua kumi mbele yake, kwenye mihogo.
Hakuijua ni springi au ni kutu.
Aliita kile chuma kibovu "shemeji".
Kila mwaka, tarehe ileile, alikitakia heri,
halafu anarudi benchi, anazitia mafuta za kwetu
zisikwame.
Sikuwahi kumuuliza anawezaje vyote viwili.

Sasa fomu iko mbele yangu, imepigwa muhuri.
JE, KIMEBOREKA? Kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana,
na mstari mmoja wa maoni, mfupi kama mkia wa sungura.
Kisamo amepiga simu mara tatu tangu asubuhi.
Meja anataka jibu kabla ya saa nane.

Nyamhanga, bila kutumwa, amefungua bunduki arobaini za rafu ya nyuma,
amezipanga springi zake mezani kwa urefu.
Ameweka moja mpya pembeni, ya kulinganisha.
Hakuna iliyoifikia.
Nyingine zimepungua upana wa kidole.
Tungezivisha dhahabu, zingesukumwa na hizi hizi.

Visanduku nikaviacha vitupu.
Kwenye mstari nikaandika: *Naomba springi mia mbili, oili galoni kumi.*
Herufi zikapanda ukingoni, zikageuka kona.

"Na hiki cha dhahabu, Sajini?"
Amekishika kwa mikono miwili, kama yai.

Kipake mafuta, nikamwambia.